Kudurusu Kemia kwa Chumvi ya Katwe

Wasomaji wenzangu, mtihani wa mwisho wa kidato cha sita unakaribia, na kila jioni bwenini nasikia swali lile lile: "Katika kemia, nisome nini, niache nini?" Kitabu ni kinene na siku ni chache. Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze namna ninavyodurusu, maana njia hii imenifaa, na huenda ikamfaa na mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Katwe, magharibi ya Uganda. Ziwa letu limo ndani ya shimo la volkano ya kale, wala halina mto utokao. Maji yake hupungua kwa jua, na chumvi hubaki. Mama yangu ana majaruba manne kando ya ziwa hilo. Kiangazi kikiwa kizuri, karo yangu hulipwa mapema. Mvua ikija kabla ya wakati wake, chumvi huyeyuka tena jarubani, na kazi ya majuma mengi hurudi kuwa maji. Ada ya mtihani huu imetoka humo, na wadogo zangu watatu wanangoja zamu yao.

Likizo iliyopita nilimweleza mama jinsi maji yanavyogeuka mvuke na chumvi ikafanya fuwele. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hayo hata bibi yako aliyajua. Wewe niambie kwa nini chumvi ya jaruba hili ni nzuri, na ya lile ina uchungu." Swali hilo ndilo lililonipa mpango wa kudurusu. Niliporudi shuleni nililiandika juu ya daftari langu, nikaanza kutafuta ni mada zipi zinazolijibu. Nikaona kwamba karibu mada zote kuu zinahitajiwa, tena kwa mfuatano wake.

Ya kwanza ni atomi na jedwali la elementi. Sodiamu ina elektroni moja tu katika tabaka lake la nje, na klorini inapungukiwa na moja. Moja hutoa, nyingine hupokea, zikashikana kwa nguvu hata sodiamu kloraidi haiyeyuki kwa moto mpaka ifike nyuzi 801 za Selsiasi. Mwenye kuelewa jambo hili hana haja ya kukariri tabia za kila elementi peke yake, kwa kuwa safu ya jedwali humwambia.

Ya pili ni moli, na hapa ndipo wengi wetu wanapoachwa njiani. Tangu mwaka 2019 moli moja imewekwa kuwa chembe 6.02214076 × 10²³ kamili. Lakini usiogope ukubwa wa hesabu hiyo. Moli ni kipimo tu, kama vile debe lilivyo kipimo sokoni. Moli moja ya sodiamu kloraidi ni gramu 58.5, na moli moja ya sodiamu kaboneti ni gramu 106. Asiyeijua moli atashindwa na maswali ya asidi, ya gesi, ya joto na ya umeme, kwa maana yote huipitia. Kwa hiyo nawashauri mwanze nayo hata kama mna juma moja tu.

Ya tatu ni asidi na besi. Chumvi yetu si sodiamu kloraidi tupu. Imechanganyika na kaboneti na salfeti, na kaboneti hupimwa kwa asidi. Tuseme umeweka kwa pipeti sentimita za ujazo 25 za maji ya sodiamu kaboneti, ukatia matone ya methili oranji, na rangi ikageuka baada ya bureti kutoa sentimita za ujazo 20 za asidi ya hidrokloriki yenye moli 0.10 kwa lita. Asidi iliyotumika ni moli 0.0020. Mlinganyo unasema kwamba kaboneti moja hula asidi mbili, basi kaboneti ni moli 0.0010, yaani moli 0.040 kwa lita, au gramu 4.24 kwa lita. Mwenye kusahau ile "mbili" hupata jibu mara mbili ya lililo kweli. Katika mtihani hupoteza alama, na katika hospitali hesabu ya namna hiyo ingeweza kumdhuru mgonjwa.

Ya nne ni kuzitambua ioni katika maabara. Silva naitreti hutoa unga mweupe penye kloraidi, na bariamu naitreti hutoa unga mweupe penye salfeti. Lakini kaboneti nayo hutoa unga mweupe kwa zote mbili! Ndiyo maana yatupasa kutia kwanza asidi ya naitriki. Kaboneti ikiwamo, itatoa povu, na gesi yake itayageuza maji ya chokaa kuwa meupe kama maziwa. Povu likiisha na asidi ikiwa imezidi, hapo majaribio mengine yatasema kweli. Mwenye kufahamu sababu hii hawezi kuisahau asidi siku ya mtihani.

Sasa jibu la mama limekaribia. Maji ya ziwa yakizidi kukauka, kila chumvi hujitenga inaposhiba, wala hazishibi zote wakati mmoja. Kloraidi ikizidi jarubani, chumvi hupendeza ulimi; salfeti na kaboneti zikizidi, huja uchungu na ladha kama ya magadi. Hiyo ndiyo mada ya tano, yaani kuyeyuka na mizani ya mmenyuko.

Ya sita ni umeme na kutu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha chumvi kilijaribiwa huko Katwe, lakini hakikudumu, kwa kuwa maji yale makali yaliyala mabomba yake. Chuma kilitoa elektroni zake, kikawa kutu. Na karibu nasi, huko Kilembe, shaba ilianza kuchimbwa kwa wingi mwaka 1956, reli ilipofika Kasese. Shaba chafu husafishwa kwa umeme: ile chafu hufungwa upande chanya, na safi hujikusanya upande hasi. Mambo haya mawili hueleza sura nzima ya kitabu.

Kemia ya kaboni haimo ziwani, lakini imo vijijini. Sukari ya ndizi huwa ethanoli kwa kazi ya hamira, na ethanoli ikiachwa wazi huchachuka ikawa asidi ya ethanoiki. Fuateni mlolongo huo, kisha ongezeni mingine, maana mtihani huuliza safari kutoka kitu kimoja mpaka kingine.

Namna yangu ni hii: jioni naandika mada moja bila kutazama kitabu, nafanya hesabu mbili za mitihani ya nyuma, kisha namweleza rafiki. Rafiki asipoelewa, najua kwamba mimi mwenyewe bado sijaelewa. Maabara nayo haidurusiwi kitandani, mkono lazima uzoee bureti.

Wenzangu, si lazima kila mmoja awe na ziwa la chumvi. Mwingine ana shamba la chai, mwingine tanuri la chokaa, mwingine jiko la nyanya yake. Chukueni swali moja la nyumbani ambalo mngependa kulijibu, mkalisomee. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho ndicho tutakachopimwa nacho. Nawatakia nyote mtihani mwema.