Mate, dhahabu na posa

Mate yana heshima yake katika dini yetu, ingawa katika mazungumzo ya kawaida ni jambo la kukirihisha. Mtoto mchanga hupokewa duniani kwa tende iliyolainishwa kinywani mwa mtu mwema, na sira yatueleza kuwa siku ya Khaibar Mtume (SAW) alimtemea Ali bin Abi Talib (RA) machoni, naye akapona saa ile ile. Kwa hiyo tulipoelezwa kwamba maradhi yaweza kutambuliwa kwa kupitisha kijiti kwenye fizi, bila sindano wala tone la damu, wazee wetu hawakushangaa sana. Walichouliza ni jambo jingine: majibu yatajulikana na nani?

Swali hilo lilizuka katika posa. Kijana aliyeleta mshenga kwa binti yetu ni dereva wa magari makubwa. Sisi watu wa Igunga maisha yetu yamefungamana na barabara. Misafara ya zamani, ile iliyobeba pembe na chumvi na pamoja nayo Uislamu, ilishika njia ya Unyanyembe, kule Tabora. Ya leo hukata mbuga ya Wembere na kupita katikati ya mji wetu, ikielekea Nzega, Mwanza, Rwanda na Burundi. Dereva hulala hapa usiku mmoja, kesho yupo kwingine. Basi baba mdogo wa binti akasema waziwazi barazani kwamba hawezi kumtoa mtoto bila kuona karatasi ya hospitali ya virusi vya UKIMWI, na karatasi hiyo isomwe mbele ya wazee. Upande wa pili wakainuka. Walisema kijana wao ametuhumiwa zinaa bila mashahidi, na kwamba kama ni karatasi, basi na ya binti isomwe.

Siku nne watu hawakusalimiana vizuri. Ndipo jamaa yetu mmoja, mwenye kazi katika zahanati, akatukumbusha mambo mawili. La kwanza ni kwamba sheria ya nchi ya mwaka 2008 inakataza mtu kulazimishwa kupima virusi vya UKIMWI, isipokuwa kwa hali chache ilizozitaja, na inalinda siri ya majibu. La pili ni kwamba Novemba 2019 Bunge liliifanyia sheria hiyo marekebisho, na tangu hapo Mtanzania ameruhusiwa kujipima mwenyewe. Akatutolea kifaa chenyewe mfukoni, tukakizunguka kama watoto waliozunguka redio mpya.

Kifaa kile ni kijiti bapa chenye kidirisha. Mtu hupitisha ncha yake juu ya fizi, mara moja juu na mara moja chini, kisha huisimamisha ndani ya kichupa chenye maji ya dawa na kungoja dakika 20. Kinachochotwa hasa ni majimaji yachujukayo kutoka kwenye ufizi, na ndani yake hakitafutwi kirusi. Zinatafutwa kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza dhidi ya kirusi hicho. Mate hayaambukizi UKIMWI. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu baraza zima lilikuwa limekwisha kutishika.

Kilichotushangaza zaidi ni ule mstari mwekundu. Tulidhani ni wino. Kumbe ni dhahabu! Ni dhahabu halisi iliyofanywa chembe ndogo mno, ambazo upana wake huhesabiwa kwa nanomita chache kumi, na nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita. Unywele wa kichwa ni mpana kuliko chembe hizo zaidi ya mara elfu moja. Dhahabu ikifikia udogo huo huacha rangi yake ya manjano na kuwa nyekundu kama maji ya rozela, kwa sababu mwanga unapoigusa, ile sehemu ya kijani humezwa na nyekundu hubaki ikiyafikia macho yetu. Mwingereza Michael Faraday alilieleza jambo hili la wekundu wa dhahabu mwaka 1857, wakati misafara ingali ikipanda kutoka Bagamoyo. Katika kifaa, chembe hizo huvishwa protini inayozishika kingamwili. Zikisafiri pamoja juu ya karatasi hukuta mahali palipotegwa, hunaswa, hulundikana, na lundo hilo ndilo mstari tuuonao. Vipimo vya haraka vya malaria ambavyo watoto wetu hutobolewa vidole kwa ajili yake vingi hutumia ufundi huo huo, na hata vipimo vingi vya ujauzito.

Nasi ni majirani wa dhahabu. Sekenke, ng'ambo ya Wembere, ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na Nzega ulikuwapo mgodi mkubwa wa Golden Pride. Kijana mmoja barazani akataka kujua, nusu kwa mzaha, kama mwanamume wa Kiislamu anaruhusiwa kuitia kinywani hali amekatazwa kuivaa. Kwanza, chembe hizo zimo ndani ya kifaa na wala hazigusi kinywa. Pili, Arfaja (RA) alipopoteza pua yake vitani, Mtume (SAW) alimruhusu kuweka pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumletea uvundo. Mzaha ukaishia hapo.

Mama yetu mzee, mayu, alikuwa amekaa kimya pembeni. Ana kisukari, na vidole vyake vimekuwa vigumu kwa kutobolewa. Akauliza kwa nini mate yasimtosheleze na yeye. Tulisoma kadiri ya uwezo wetu ili tumpe jibu la haki. Sukari imo katika mate, lakini ni kidogo mno ikilinganishwa na ya damu, na kiasi chake hubadilishwa upesi na chakula, tumbaku au fizi zinazovuja damu. Watafiti katika nchi mbalimbali wanaunda vipimo vinavyosoma mwanga ili kuukamata uchache huo. Vingine hutumia chembe za dhahabu zigeukazo kutoka nyekundu kuwa buluu zinapokusanyika, vingine nukta za kaboni zinazong'aa zikimulikwa na ambazo mng'ao wake hufifia zikikutana na kitu kitafutwacho, na kamera ya simu ndiyo husoma. Kwa mgonjwa wa kisukari, hata hivyo, bado tone la damu ndilo la kutegemewa. Anayepita minadani na mashine ya kusoma mwili mzima kwa mate au kwa kiganja, tumekubaliana nyumbani asikaribishwe hata kwa maji.

Kwa kuwa Ramadhani ilikuwa inakaribia, mayu aliongeza swali la pili. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilihesabu utoaji wa damu kwa ajili ya vipimo miongoni mwa mambo yasiyofunguza, na vivyo hivyo kusukutua na kupiga mswaki ilimradi mtu asimeze kitu. Kijiti cha fizi, kwa fahamu zetu, kinaangukia humo, na mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Tulirudi kwenye posa. Jamaa yetu alisisitiza mipaka ya kile kijiti: aliyepata maambukizi ndani ya miezi mitatu iliyopita anaweza kukosa mstari ilhali virusi anavyo, mwenye kutumia dawa za kufubaza asijipime nacho, na mstari wa pili ukitokea, hata hafifu, hiyo si hukumu bali ni wito wa kwenda kituoni kupimwa kwa damu. Sisi tuliona kuwa karatasi kusomwa barazani ni kuivunja amana, na kwamba baba mdogo, pamoja na haki yake ya kuhofia damu yake, hana haki juu ya siri ya mtoto wa mwenzake. Alikataa. Alikubali siku ya tatu, baada ya imamu kumwita faragha baada ya Isha.

Vijana walipewa kijiti kila mmoja, kila mmoja kwao. Ikapangwa kuwa baada ya hapo waende pamoja kituoni, majibu yoyote yawayo, na wayaone wawili mbele ya mshauri. Walikwenda Jumatatu. Alasiri mshenga alikuja na neno moja kutoka kwao wote wawili, kwamba wameridhiana. Baba mdogo alifungua kinywa kuuliza, akakifunga, kisha akauliza mahari.