Bei ya Hapana

Kadi yangu ya Force of Will ni feki. Niliiprinti kwa saiba moja River Road, nikaikata na makasi, nikaichomeka kwenye kifuko cha plastiki mbele ya saba ya maua ili isipinde. Ya ukweli ni ghali. Nakala nne, ambazo ndizo nyingi zaidi unazoruhusiwa, zingemeza kodi yangu ya Umoja. Sisi wanne tunaocheza Magic: The Gathering kwangu kila Jumapili tulikubaliana kwamba feki ni sawa.

Kadi hiyo ilitoka mwaka 1996, katika seti ya Alliances. Kazi yake ni moja: mpinzani akitoa kadi, wewe unaizima. Bei yake ya kawaida ni mana tano, ambazo kwa kawaida utazipata mchezo ukiwa umeshaenda mbali. Lakini kuna njia ya pili. Unalipa pointi 1 ya uhai kati ya 20 ulizoanza nazo, halafu unaitupa nje ya mchezo kadi nyingine ya bluu iliyo mkononi mwako. Mana hulipi hata moja. Unaweza kusema hapana kabla hujaweka hata ardhi yako ya kwanza mezani.

Nilipoanza kucheza niliona hii ni bure kabisa. Nikawa nazima kila kitu. Na kila Jumapili nachapwa.

Hesabu ni rahisi, ila mimi sikuwa naifanya. Kila nikizima, mwenzangu ametumia kadi 1, mimi nimetumia 2. Tuanze na 7 kila mmoja, nizime mara mbili: yeye amebaki na 5, mimi 3. Rafiki aliyenifunza mchezo aliniangalia wiki kadhaa, mwishowe akasema, "Wewe unazima vitu vinavyokuudhi. Zima kinachokuua."

Ndiyo maana thamani ya kadi hii hubadilika kulingana na aliyekaa mbele yako. Kuna pakiti zilizopangwa zikumalize zamu ya kwanza. Mbele ya hizo, kupoteza kadi mbili kwa moja si hasara, kwa sababu bila hiyo hapana hakuna zamu ya pili. Lakini mpinzani wa polepole, anayeleta kiumbe kimoja kimoja, huyo ni tofauti. Wachezaji wazoefu wakikutana naye, mchezo wa kwanza ukiisha mara nyingi huitoa Force kwenye pakiti na kuweka kitu kingine kutoka kwa zile kadi 15 za akiba.

Mezani nilielewa. Nyumbani nilichelewa.

Mimi ni kifungua mimba. Nilipopata kazi, kundi la familia la WhatsApp likaanza kunitaja kwa jina. Mia tano za kamati ya harusi ya binamu. Elfu moja ya tenki la maji la shangazi. Nilikuwa nimesikia kila mahali kwamba mtu lazima aweke mipaka, basi nikaweka. Hapana. Sina. Mwezi huu siwezi. Niliona hizo hapana ni za bure kwa sababu pesa zilibaki kwa simu. Kilichokuwa kinatoka mkononi sikukiona: shangazi aliacha kunipigia, na salamu za mjomba zikawa fupi.

Mwaka jana mdogo wangu akataka hati ya shamba la mama iwe dhamana ya mkopo wa kununua matatu. Tukakaa sebuleni wote. Nilikuwa nimeandika kila kitu: marejesho ya mwezi, riba, siku ambazo gari litalala gereji. Nikasema hapana. Mjomba hata hakukasirika. Alicheka tu. "Mama, kwani kuna siku wewe ushawahi kubali kitu?"

Watu wakacheka. Mama akasaini Jumatatu.

Matatu inatembea. Kuna wiki inalipa, kuna wiki mdogo wangu hashiki simu. Hati bado haijarudi. Pengine mkopo utaisha vizuri na mimi ndiye nitaonekana mwoga. Ila siku ile nilifika na mkono mtupu, na nilikuwa nimeumaliza mwenyewe, kwa mia tano tano.

Sisemi mtu akubali kila kitu. Uhai wa pointi 20 huisha pia kwa moja moja, na nawajua watu ambao familia imewala hivyo hadi wakabaki mifupa. Nasema tu kwamba hapana ina bei hata pale isipokutoza shilingi, na ni vizuri ujue unalipa na nini.

Jumapili iliyopita Force ilikuwa mkononi. Mwenzangu akaweka kiumbe kidogo cha kuudhi, kinachonipunguzia pointi 1 kila zamu. Akaniangalia, akingoja. Simu ikalia: shangazi, mchango wa mia tatu.

Kiumbe nikakiacha kipite. Mia tatu nikatuma. Halafu nikampigia mama, nikamuuliza kama mdogo wangu amelipa mwezi huu.