Ahadi Tuliyompa Mtoto juu ya Paka Wake

Tulipopata habari kwamba jamaa yetu itahama Lubumbashi na kwenda Ubelgiji kwa ajili ya masomo ya mama wa watoto, binti yetu wa miaka 9 hakuuliza juu ya shule wala baridi. Aliuliza kama paka wake atakwenda. Tulimjibu papo hapo: atakwenda. Jibu lilikuwa jepesi kwa sababu hatukujua lolote.

Mwezi wa tatu tulimpeleka paka kwa mganga wa wanyama, akachanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Mwezi wa tano akatiwa chini ya ngozi kile kidude cha elektroniki, kidogo kama punje ya mchele, chenye namba 15. Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe Umoja wa Ulaya wataka namba itangulie chanjo. Isipokuwa hivyo chanjo haihesabiwi, maana hakuna awezaye kushuhudia kwamba mnyama aliyechanjwa ndiye huyu. Na kwa kuwa nchi yetu haimo katika orodha ya nchi zilizopunguziwa masharti, chanjo peke yake haitoshi: zikipita siku 30, damu hutolewa na kupimwa katika maabara waliyoikubali wao, kisha mnyama hungoja miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Sababu yake ni ya haki. Ugonjwa huo waweza kujificha mwilini kwa miezi, na dalili zikisha kuonekana, karibu hakuna anayepona. Sisi tuliomzika jirani aliyeumwa na mbwa hatuwezi kuyaita hayo usumbufu.

Tulianza upya mwezi wa sita. Kwa hesabu hiyo paka angeruhusiwa mwezi wa kumi. Tikiti zetu zilikuwa za mwisho wa mwezi wa nane. Tukasema basi, atatufuata. Hapo tena tukagonga ukuta: mnyama anayesafiri zaidi ya siku 5 kabla au baada ya mwenyewe huingia katika sheria za biashara, pamoja na gharama zake.

Tulimlaumu mganga kwa sauti, tena mbele ya mtoto. Usiku tukafungua karatasi ya masharti tuliyotumiwa tangu mwezi wa pili. Yote yalikuwa yameandikwa humo, hatua kwa hatua. Sisi ambao kwa miaka mingi tumewaonya wanafunzi wasome swali lote kabla ya kushika kalamu, hatukuwa tumegeuza ukurasa.

Kesho yake tulimwomba mganga radhi. Kumwomba mtoto kulikuwa kugumu zaidi. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: “Baba, mlijua mliposema atakwenda?” Tukasema hatukujua. Akanyamaza, akachukua daftari na kumwandikia bibi yake: ndakala asubuhi, maji safi, asilale nje mvua ikinyesha.

Sasa kila Jumapili bibi husogeza simu karibu na paka. Mtoto humwita, siku nyingine huitika, siku nyingine hutazama pembeni tu. Zile namba 15 zimo bado shingoni mwake. Binti yetu amezikariri.