Namba Iliyoitwa Tasa

Namba isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa nafsi yake huitwa tasa, jina tunalompa asiyezaa. Jina hili ni zito, kwa kuwa hukumu ya utasa ni nyepesi kutamkwa na ngumu kuthibitishwa. Namba moja, 4294967297, ilitwikwa hukumu hiyo kwa miaka 92 bila ya haki. Na kwa namna ilivyofunguliwa, naipenda kuliko namba nyingine zote.

Nasaba yake ni hii. Shika 2, uizidishe kwa nafsi yake upate 4. Fanya vivyo hivyo kwa 4 upate 16. Kisha 256, 65536 na 4294967296. Juu ya kila moja ongeza 1. Utapata 3, 5, 17, 257 na 65537. Ya sita ndiyo namba yetu. Tano za kwanza ni tasa kweli. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa na bingwa wa hesabu, alisadiki kuwa zote zifuatazo ni tasa pia, ingawa alikiri kuwa hana thibitisho kamili. Wahenga walisema, lisemwalo lipo. Mashahidi watano wameafikiana. Nani angemshuku wa sita?

Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyefanya kazi St Petersburg, alitangaza kuwa 641 huigawanya namba hiyo bila ya baki. Baadaye alieleza kuwa kila kigawo chake, kikigawanywa kwa 64, hubakiza 1. Namba tasa za sifa hiyo huanza hivi: 193, 257, 449, 577, 641. Nne zakataa, ya tano yakubali.

Nimeipima hesabu hii kwa kalamu. 6700417 mara 600 ni 4020250200. Mara 40 ni 268016680. Mara 1 ni 6700417. Zijumlishe, na 4294967297 itatokea. Mistari mitatu, ambayo mtoto wa shule aweza kuiandika, yatosha kuiangusha imani ya miaka 92. Aliyedhaniwa tasa ana wana wawili, 641 na 6700417, na ajabu ni kuwa wana hao wenyewe ni tasa.

Heshima ya Fermat haikupungua, maana aliitenga imani yake na thibitisho. Tena, mpaka leo, baada ya 65537 hakuna tasa nyingine iliyopatikana katika ukoo huo.

Huikumbuka namba hii kila nisikiapo watu watano wakitolewa kuwa kipimo cha kabila zima au dini nzima. Mashahidi wale watano hawakusema uongo. Kila mmoja alieleza habari zake mwenyewe. Udhalimu ulikuwa kuwafanya wamsemee wa sita.