Deni la Adamu

Naandika juu ya neno lililonisumbua tangu nilipokuwa katika mafundisho ya Kipaimara, nalo ni dhambi ya asili. Najua wako wasomaji watakaosema kwamba mwanafunzi wa Kidato cha Tano hana haki ya kulipima neno ambalo wakubwa wa Kanisa wamelipima kwa miaka 1,600. Haidhuru. Wakubwa hao nao walibishana sana, kama nitakavyoeleza.

Fundisho lenyewe, kwa ufupi, lasema hivi: Adamu na Hawa walivunja amri, na tangu hapo kila mtoto huzaliwa akiwa amepungukiwa na neema waliyopewa wao, na ubatizo ndio unaoirudisha. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu waanza pale tunaposikia kwamba mtoto mchanga anayo hatia. Hatia ya nini? Hajapata hata kujua kwamba mkono wake ni wake.

Katika shule ya msingi niliyosoma, ambayo sitaitaja jina, wavulana fulani walilipasua tangi la maji kwa mawe wakishindana kulenga shabaha. Wakamaliza masomo, wakaenda zao. Sisi tuliokuja nyuma tulichota maji mtoni kwa miaka miwili, asubuhi na jioni, na kilima kile cha kurudi si mchezo. Tulinung'unika, walakini hakuna aliyesema tumeonewa, kwa maana kila mtu aliliona tangi kuwa limepasuka na kwamba maji hayakai ndani yake. Sasa fikirini kama mwalimu mkuu angalishuka mtoni na fimbo, akatuchapa mmoja mmoja akisema, "Ninyi ndio mliopasua tangi." Hapo tungalilia kwa uchungu wa namna nyingine kabisa. Kuchota maji ni hasara. Kuchapwa ni hukumu. Hasara hurithiwa, na kila siku twaona ikirithiwa: mtoto wa mlevi hulala na njaa, na mtoto wa mtu aliyeuza shamba lote hana pa kulima. Lakini hukumu je?

Mtu aliyeyafunga mambo haya mawili pamoja kwa nguvu kuliko wote alikuwa Mwafrika. Augustino alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria, akawa askofu wa Hippo mpaka alipokufa mwaka 430. Aliposoma Waraka wa Paulo kwa Warumi, sura ya 5, alitumia tafsiri ya Kilatini, na katika mstari wa 12 tafsiri ile ilisomeka kana kwamba watu wote walikosa ndani ya Adamu mwenyewe. Kigiriki cha Augustino hakikuwa kikubwa. Wataalamu wengi wa siku hizi husema kwamba Paulo, kwa Kigiriki chake, alikuwa akitaja sababu, yaani kila mtu ametenda makosa yake. Na Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952 imefuata maana hiyo. Wakristo wa Mashariki, ambao Kigiriki kilikuwa lugha yao, hawakufika alikofika Augustino. Wao husema tumerithi mauti na udhaifu, si hatia. Yaani, wao huchota maji lakini hawachapwi.

Augustino hakuogopa kuifuata hoja yake mpaka mwisho. Alisema kwamba watoto wachanga wafao bila ubatizo huhukumiwa, ingawa adhabu yao ni nyepesi kuliko zote. Waalimu waliokuja baadaye waliona neno hili ni zito mno, wakasema watoto hao wako mahali paitwapo Limbo, pasipo mateso, lakini pasipo kumwona Mungu pia.

Mimi nikirudi kwenye kitabu cha Mwanzo naona jambo la ajabu. Katika sura ya 3, penye habari za tunda na nyoka, neno "dhambi" halimo. Laja mara ya kwanza katika sura ya 4, juu ya Kaini, na hapo Mungu amwambia Kaini kwamba anaweza kuishinda. Huyu ni mtoto wa Adamu, amezaliwa nje ya bustani, na bado anahesabiwa kuwa na uwezo wa kuchagua. Tena nabii Ezekieli, sura ya 18, anakataza kabisa mwana kuchukua uovu wa baba yake. Rafiki yangu mmoja Mwislamu, tunayelala naye bweni moja, hucheka nikimsomea hayo. Kwao Adamu alitubu akasamehewa, shauri likaisha, na hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Huniuliza, "Sasa ninyi, deni lililokwisha lipwa mwalidai tena kwa nani?"

Hata hivyo siwezi kumfuata Pelagius, yule mwalimu kutoka Uingereza aliyefundisha kwamba dhambi ya Adamu ilimdhuru Adamu peke yake, mafundisho yaliyolaaniwa na mtaguso wa Carthage mwaka 418. Pelagius, naona, hakupata kuishi karibu na watu wanaogombea mpaka wa shamba. Kwetu ziko nyumba mbili ambazo watoto wao hawachezi pamoja. Ukiwauliza sababu, hawajui. Babu wa nyumba moja aling'oa masale ya mwenzake usiku, na mzee yule alikwisha kufa kabla watoto hao hawajazaliwa. Chuki wameinyonya pamoja na maziwa. Watu wetu walisema samaki mmoja akioza wote wameoza, na kweli harufu humfikia kila mtu. Augustino aliiona kweli hii wazi kuliko Pelagius, nami namheshimu kwa ajili yake. Ila mtoto yule wa jirani hajang'oa sale hata moja. Siku atakaponyosha mkono wake kuling'oa, hapo hatia ni yake na mjumbe aitwe.

Labda shida nyingine imo katika neno lenyewe. Katika Kiswahili "asili" ni mwanzo, lakini pia ni tabia aliyozaliwa nayo mtu, na ukoo wake. Basi masikio yetu yasikiapo "dhambi ya asili" huelewa kwamba mtu ni mbaya kwa ukoo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 yakiri kwamba hapa neno "dhambi" latumika kwa mfano tu, kwamba ni hali tuliyoipokea wala si tendo tulilolitenda. Nafurahi kusoma hivyo. Lakini kama ni hali, kwa nini tusiiite jeraha, au ugonjwa?

Wako watakaosema haya ni maneno ya vitabuni tu. Bibi yangu, mzaa baba, alijifungua mtoto wake wa kwanza mwaka 1963. Mtoto aliishi siku tatu. Padre alikuwa safarini, na hakuna aliyemwambia Bibi kwamba penye hatari ya kufa mtu yeyote, hata yeye mwenyewe, aweza kummiminia mtoto maji na kumbatiza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 haikuruhusu wafao bila ubatizo wapewe maziko ya Kanisa, basi mtoto alizikwa nje ya uzio wa makaburi, upande wa mgomba, jioni, bila kengele. Mwaka 1983 sheria ilibadilishwa, na askofu aweza kuruhusu maziko kwa mtoto ambaye wazazi wake walikusudia abatizwe. Na mwaka 2007 tume ya wanateolojia huko Roma ilitoa maandiko kusema kwamba tunazo sababu za kutumaini kuwa watoto hao wameokoka.

Likizo iliyopita nilimweleza Bibi habari hizi zote, nikidhani atafurahi. Alinyamaza kwa kitambo, akasema, "Mjukuu wangu, na miaka hiyo yote walikuwa wamemweka wapi?"

Sikuwa na jibu. Najua miongoni mwa waliosoma hapa zamani wako mapadre na wachungaji, na gazeti hili huwafikia. Nawaomba kwa heshima wajibu katika toleo lijalo. Swali la Bibi walijibu kwanza, kwa kuwa amekwisha pita miaka 80. Langu mimi laweza kungoja.