Beseni la Mabuu

Arusha, 9 Juni
Mabeseni ya mabuu wa mbawakawa, chakula cha vifaranga wangu, yamepata nafasi chini ya meza. Ni ya plastiki inayoteleza, na huo ndio ukuta wote: mabuu hawawezi kuupanda. Ndani nimemwaga pumba za ngano kina cha vidole vitatu. Maji siwawekei; karoti inawatosha. Mama kachungulia: "Mwanangu, watu tunahangaika na dumuzi ghalani, wewe wako unawafuga?" Nikamwambia hawa si dumuzi, mama. Ila hajakosea sana, huyu naye ni mdudu wa maghala. Gunia la unga nimelihamishia chumba kingine.

6 Julai
Baridi imekaza. Mdudu huyu hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 28, na usiku hapa tunashuka hata 13. Hawafi, wanazubaa tu. Karoti ya jana iko vilevile. Mabeseni yamehamia jikoni.

Nimemkuta mmoja akijivua gamba. Ngozi ilipasuka nyuma ya kichwa, akajikamua polepole, akatoka mweupe pe, laini hata nikaogopa kumgusa. Kufikia saa ya chakula cha jioni alikuwa wa manjano kama wenzake. Ngozi tupu zimetapakaa juu ya pumba. Ukipuliza zinaruka zote.

4 Agosti
Mabundo, hatua kati ya buu na mbawakawa! Hayali, hayatembei, ukiligusa moja linatikisa mkia basi. Nayachota kwa kijiko, maana yakibaki humo mabuu watayatafuna. Mbawakawa akitoka ni mweupe, kisha hudhurungi, kisha mweusi. Jike moja hutaga mayai mamia, lakini wazazi hawa hula mayai yao wenyewe. Kwa hiyo wanakaa beseni la peke yao, na kila baada ya wiki mbili hivi nawahamisha, mayai yanabaki kwenye pumba.

25 Agosti
Shemeji kaja na kalamu yake. "Kilo ya mabuu kwa kilo ya dagaa unaowapa kuku, unaokoa kiasi gani?" Hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Dagaa ni wakavu. Buu hai zaidi ya nusu yake ni maji. Ukimkausha, protini ni kama nusu ya uzito, hapo anakaribiana na dagaa, na mchanga hana. Lakini kilo ya mabuu hai imekula takriban kilo mbili za pumba, na kutoka yai hadi kuvuna ni miezi mitatu kukiwa na joto. Kwa baridi hii, zaidi.

"Sasa faida iko wapi, shemeji?"

Kwa kuku wakubwa, haipo. Hao wataendelea na pumba na dagaa. Mabuu ni ya vifaranga, kiganja kimoja asubuhi, na kinyesi kikavu cha mabuu nimeshakimwaga kwenye tuta la mchicha. Shemeji kaomba aanzishiwe beseni moja. Nimempa la mbawakawa, na nusu ya karoti.