Sayansi ya Kibuyu, Hesabu ya Maziwa

Sisi tulioingia Gredi ya 7 mnamo Januari 2023 tulikuwa ng'ombe wa kwanza kupitishwa kwenye josho jipya. Waliotutangulia kwa darasa moja walibaki katika 8-4-4, wakafanya KCPE ya mwisho mwaka huo huo. Sisi tukaambiwa tumekuwa wanafunzi wa sekondari. Sekondari gani, bana, ilhali tulibaki katika ua ule ule wa shule ya msingi, na madawati yale yale?

Kwetu ni Siongiroi, kaunti ya Bomet. Si kule juu kwenye majani chai yanayopigwa picha za kalenda. Kwetu ni mahindi na ng'ombe wa maziwa. Masomo yalikuwa tele kama siafu mpaka mwaka wa 2024 yalipopunguzwa kutoka 14 hadi 9. Fizikia, Kemia na Biolojia ziliunganishwa kuwa somo moja la Sayansi, na mwalimu aliyepewa somo hilo alikuwa amesomea Kiswahili na Dini. Maabara hatukuwa nayo. Kitabu kikisema tutie asidi katika chupa, sisi tulitia macho kwenye picha. Halafu mwaka huo wa 2024 walimu wanagenzi wa sekondari msingi kote nchini wakagoma wakidai ajira ya kudumu, tukakaa majuma kadhaa tukijisomea. Siwalaumu. Ila asidi haijifundishi.

Hata hivyo, sitamsahau yule mwalimu wa Kiswahili. Siku moja alituambia tulete vitu vitatu: maua mekundu ya haibiskasi, majivu ya jikoni, na mursik. Darasa zima likaangua kicheko. Mursik ya nini shuleni, karamu? Tuliloweka maua katika maji moto, tukapata maji ya rangi ya zambarau. Tukachuja majimaji ya mursik na kuyatia humo: yakageuka mekundu. Tukatia maji ya majivu: yakageuka ya kijani! Lahaula! Mwalimu mwenyewe alipiga makofi kutushinda sisi, maana naye ndiyo mara yake ya kwanza kuona. Akaeleza kwamba maziwa yakikaa kwenye kibuyu, vijidudu hula sukari yake na kutoa asidi ya laktiki. Nyanya zetu wamekuwa wakitengeneza asidi hiyo, wakisugua kibuyu kwa mkaa wa senetwet, kabla hata ya neno Kemia kufika huku.

Hesabu nayo niliipata kwa mama. Kila asubuhi alipima maziwa kwa jagi, lita 10 kamili, lakini mizani ya kituoni ilisoma kilo 10.3. Mama ni mcha Mungu. Akaanza kukosa usingizi.

"Mizani yao imeharibika," akaniambia. "Siku wakigundua, watanikata zote kwa mpigo."

Nikamweleza kuwa lita moja ya maziwa ina uzito wa kilo 1.03 hivi, si kilo moja kama maji. Hakuniamini mara moja. Akauliza swali ambalo hata kitabu hakikuuliza: je, jirani akichanganya lita 9 za maziwa na moja ya maji, mizani itamshika? Nikaketi na kalamu. Maziwa kilo 9.27, maji kilo 1, jumla 10.27. Tofauti ni gramu 30 tu! Mizani ya kituoni haiwezi kuona hilo. Ndiyo maana wanatumbukiza laktomita, ambayo hushuka kutoka 30 hadi 27, na mdanganyifu akajulikana. Mama alicheka hadi akashika mbavu. Jirani yupi alikuwa akimfikiria, hakunitajia.

Ukafika wakati wa kuchagua mkondo wa sekondari ya juu: Sayansi na Hisabati, Sayansi za Jamii, ama Sanaa na Michezo. Kaka yangu, zao la 8-4-4, huuita mtaala wetu mtaala wa manila na gundi. Akashauri nikimbilie Sayansi za Jamii, eti asiyewahi kushika bureti atashindana vipi na watoto wa mjini? Hoja yake haikuwa ya kipuzi. Lakini mama alikata shauri: "Aliyenieleza mizani aende huko kwenye mizani."

Nikafanya KJSEA mwaka wa 2025, na Januari 2026 nikaingia Gredi ya 10. Siwafichi, wenzangu waliotoka shule zenye maabara walinipita mwanzoni. Wao walitaja vifaa kwa majina, mimi nikivionyesha kwa kidole.

Mdogo wangu yuko Gredi ya 7 sasa, darasa lile lile. Ameniambia mwalimu wangu wa zamani anaomba nimpelekee karatasi za litmasi likizo ikifika, hata tano tu. Nimemwomba mwalimu wetu wa Kemia. Hajakubali, wala hajakataa. Ameniuliza kwanza huyo mwalimu wa Kiswahili anazitakia nini.